Abiria Asiyeruhusiwa Kutapika

Goti langu la kushoto lilistaafu mwezi uliopita, nami nikalazimika kulifuata. Ninyi mliobaki kwenye feri mmeniomba niandike namna nilivyokuwa nikiwapanga abiria, kwa sababu mnadhani nilikuwa nikiwatazama usoni tu na kujua. Si kweli. Nilikuwa nikitazama pia viatu, nikinusa walichokula, na kusikiliza kama wanaongea sana kuliko kawaida. Kazi yetu ina jina refu kwenye karatasi za ofisi, lakini kwa maneno ya kawaida ni hii: kuwavusha watu kutoka Mbita hadi Takawiri na Mfangano, na kuhakikisha kwamba chakula walichopanda nacho wanashuka nacho. Habari za nani alipandishwa cheo na nani aliachwa sitaziandika. Hazijawahi kumsaidia mtu aliyeshikwa na kichefuchefu.

Nilizaliwa upande wa Uriri, kwenye mahindi na tumbaku. Maji mengi zaidi niliyokuwa nimeyaona kabla ya kuajiriwa ni ya bwawa la kunyweshea ng'ombe, na hilo nalo lilikuwa likikauka kila kiangazi. Nilichukuliwa kazini kwa sababu nilikuwa na sauti ya kusikika na shati lenye kola. Hakuna aliyeniuliza tumbo langu lina maoni gani.

Siku ya kwanza nilikula chapati na maharagwe kwenye kibanda karibu na gati la Mbita, nikashushia na chai ya maziwa mengi, kwa hoja kwamba mtu hapaswi kuanza kazi na njaa. Tulipoacha kivuli cha kisiwa cha Rusinga, feri ikaanza kuinama kushoto, kisha kulia, polepole, kama mtu anayetafuta neno. Niliona ni wajibu wangu kumwuliza nahodha kama kuna hitilafu. Nahodha Ogutu alikuwa mwembamba, mkimya, Mwadventista asiyekosa ibada. Niliingia kwenye chumba cha usukani, nikafungua kinywa, na swali halikutoka. Vilitoka vitu vingine.

Alitazama kiatu chake cha kulia kwa muda.

"Hii ni viatu ya Sabato," akasema. "Nimevaa leo kwa sababu niliambiwa tunapata mtu mpya."

"Samahani, Nahodha."

"Hakuna shida. Osha, halafu urudi uulize hilo swali lako."

Nilikiosha kiatu kile nyuma ya feri, nimeinama, macho yangu yakitazama maji yanavyokimbia. Mtu yeyote mwenye uzoefu angeniambia kwamba hapo nilikuwa najitafutia awamu ya pili. Aliyeniambia ni Mama Ajwang'. Yeye hakuwa mfanyakazi wa feri. Alikuwa mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, mwanamke mnene aliyekalia karai lake kama kiti cha enzi, naye alivuka kwenda visiwani karibu kila siku. Alikuwa amekaa majini muda mrefu kuliko sisi tuliolipwa kukaa huko.

"Wewe wa Uriri, unaangalia nini huko chini?"

"Maji, mama."

"Imekuambia nini?"

"Hakuna."

"Basi wachana nayo. Angalia ile mlima ya Mfangano. Hiyo haiendi mahali." Akafunua kitambaa akanipa kipande cha muhogo wa kuchemsha. "Na ukule. Tumbo tupu ni debe."

Nilikula muhogo nikiutazama mlima. Kabla ya kufika Takawiri nilikuwa binadamu tena. Tangu siku hiyo Mama Ajwang' alikuwa mwalimu wangu, na ada yake ilikuwa kumbebea karai.

Mimi si mtu wa shule nyingi, lakini sipendi kuamini jambo ambalo sijalijaribu. Abiria wetu walikuwa na dawa zao, kila mmoja na yake, na kila mmoja aliapa kwayo. Watu wa Migori walipanda wamejifunga gazeti tumboni chini ya shati. Wengine walinusa ndimu. Wengine walilamba jiwe, wakanusa mafuta ya injini, wakatafuna mahindi ya kuchoma, wakajifunga mshipi hadi macho yakatoka. Nilizijaribu zote mwilini mwangu, moja kwa safari moja, kwa sababu ukichanganya mbili na ukapona hujui umshukuru nani. Gazeti halikunizuia kutapika, ila lilifaa sana mara tu baada ya hapo. Jiwe nililimeza. Mafuta ya injini yaliniongezea ugonjwa ambao sikuwa nao. Tangawizi mbichi ilisaidia kidogo, ndimu ilisaidia pua, na muhogo wa Mama Ajwang' ulisaidia kila mara.

Vidonge vya duka la dawa hufanya kazi, lakini ni vya kumezwa kabla ya kupanda, si wakati mtu ameshakuwa wa kijani. Nakumbuka fundi mmoja wa paa aliyekuwa akienda Takawiri. Alimeza dozi ya watu wawili kwa usalama zaidi, akalala, tukampitisha hadi Mfangano. Tulipokuwa tunarudi tulikubaliana kumwamsha Takawiri, tukamwamsha, akatushukuru kwa heshima, akalala tena. Alishukia Mbita alikopandia, amepumzika vizuri, akauliza mbona Takawiri pamejengwa hivi.

Mwalimu mmoja wa kisiwani aliniazima kitabu cha zamani cha mambo ya mwili. Ndani yake nilisoma kwamba sikio, mbali na kusikia, lina maji ndani yanayopima mwendo. Nililifikiria jambo hilo kwa wiki nzima. Jicho linatazama sakafu ya feri na kusema tumetulia. Sikio linasema tunakwenda, tena vibaya. Hawa wawili hawakubaliani, basi kesi inapelekwa kwa tumbo, na tumbo, kama machifu wengi, likichoshwa na kesi huwatoa wote nje. Ndiyo maana mlima unasaidia. Unalipatia jicho habari ileile ambayo sikio linayo, na ugomvi unakwisha kabla ya kufika barazani. Ndiyo maana pia anayesoma simu yake anaugua wa kwanza. Msibishane naye. Mpeni kopo.

Kuhusu kopo nitasema kidogo, kwa kuwa ndilo lililonipa jina. Zamani tuligawa mifuko ya plastiki. Serikali ilipoipiga marufuku, wasafiri wengi waliona ni habari ya sokoni, lakini kwetu ilikuwa msiba. Mfuko wa karatasi unavumilia kwa muda mfupi, kisha unakuaibisha. Ndoo inabingirika. Nikaanza kukusanya makopo ya rangi yaliyokwisha, nikayasugua, nikatia mchanga mkavu wa ufukweni hadi robo. Mchanga unalipatia kopo uzito lisianguke, unameza sauti, na unameza harufu, kwa maana harufu ya mmoja ni mwaliko kwa wengine. Watu wakaanza kuniita Jakopo, yaani mtu wa kopo. Mwanzoni nililionea haya jina hilo. Baadaye nililizoea, na baadaye kabisa hata mke wangu akaniita hivyo.

Upangaji nao ukapata kanuni zake. Wageni wa bara niliwaweka katikati, chini, wakitazama mbele. Wanaonukia chapati niliwaweka karibu na upepo. Waongeaji niliwaweka pamoja, kwa sababu anayebishana hatapiki. Na nyuma kabisa kulikuwa na benchi moja lililofungwa kwa bolti likitazama nyuma, tulikotoka. Hilo niliwawekea wenyeji wa visiwani pamoja na mizigo. Niliamini kwamba mtu aliyezaliwa ziwani unaweza kumkalisha hata kichwa chini. Iwekeni akilini imani hiyo, maana sasa nafika kwa kesi ngumu kuliko zote.

Asubuhi hiyo upepo haukuwa umelala. Kwa kawaida ziwa letu huwa pole hadi adhuhuri, lakini siku ile mawimbi yalikuwa na vichwa vyeupe tangu tunafungua kamba. Mama Awino wa Sena, upande wa Mfangano, alipanda mapema. Alikuwa mjane mwenye heshima zake, mrefu, amejifunga leso ya kijani, na nyuma yake walikuja wapagazi na magunia ya mchele. Nilimkalisha benchi la mbele alikozoea. Akanieleza kwamba bintiye Awino anatolewa mahari siku hiyo, wageni wanatoka Awendo, na kwamba kwa haki angepaswa kuwa nyumbani akipika.

"Lakini nimtume nani achague mchele?" akasema. "Watu hununua mchele kwa macho. Mchele inanunuliwa kwa meno."

Nikamwuliza wageni wanavuka lini. Akasema wanatarajiwa na feri ya mchana. Alikuwa hajamaliza kusema hivyo nilipoona gati limejaa makoti. Wageni wa Awendo walikuwa wamewahi. Mbele alikuwa Mzee Okelo, mzee wa kanisa na msemaji wa ujumbe, ameshika kofia. Nyuma yake wazee wengine, kisha mtamba mmoja mwekundu, ng'ombe wa mahari wa kuonyesha kwa macho kabla wenzake hawajafuata, na nyuma ya mtamba, akimsukuma, bwana harusi mwenyewe.

Nilimjua. Aliitwa Ochola, dereva wa lori la miwa, mtu mwenye mabega ya kupitisha mlango kwa upande. Mwaka ule alikuwa amevuka mara mbili kumwona Awino, na mara zote mbili niliosha jaketi la kuelea baada yake.

Kwa msomaji asiye wa kwetu lazima nieleze. Mtu na mama mkwe wake, ambaye tunamwita maro, hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani machoni. Mambo ya mwili hayafanywi mmoja akiwa mbele ya mwingine. Mkwe akitapika mbele ya maro wake, wazee wataitwa, mbuzi atachinjwa, na habari itaishi kuliko mbuzi.

Mzee Okelo alinivuta kando.

"Jakopo, yule mama mwenye leso ya kijani ni nani?"

"Ndiye Mama Awino."

Alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena. "Tushuke."

"Feri ya mchana huenda isitoke, mzee, na huu upepo. Nahodha ameshasema."

"Basi tumekwisha." Akashusha sauti. "Kule Sena kuna mjomba wa msichana. Hataki hii ndoa. Anasema mtu wa miwa atafanya nini na watu wa ziwa. Amekosa sababu tu. Akisikia huyu kijana ametapika mbele ya maro, hiyo ndiyo sababu. Hata mtamba hatashuka."

Ochola mwenyewe alikuwa amesimama kando ya mtamba, ameupa mgongo upande wa leso ya kijani, jasho likimtoka na kamba bado hatujafungua.

"Mimi nabeba miwa kwa ile barabara ya mashimo tangu niwe kijana," akaniambia. "Sijawahi hata kupiga mwayo. Hii maji inanidharau tu."

"Ukiwa unaendesha?"

"Sasa nani mwingine aendeshe?"

"Na ukikaa kiti cha abiria?"

Akatazama kulia na kushoto. "Siku moja tanboi wangu, yule msaidizi wa lori, alishika usukani tukitoka Awendo. Nilitapika kabla ya Rongo."

"Awendo na Rongo si hapo tu?"

"Ndiyo maana sijawahi kuambia mtu."

Hapo nikaelewa. Tumbo la Ochola halikuwa na ugomvi na maji. Lilikuwa na ugomvi na uabiria. Dereva haugui kwa sababu jicho lake linaiona barabara kabla sikio halijaihisi. Nikaenda kwa Nahodha Ogutu nikamweleza kwamba leo atakuwa na mgeni kwenye chumba cha usukani. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ataangalia tu?"

"Ataangalia tu."

"Asiguse kitu." Kisha akainama akavua viatu, akaviweka juu ya rafu.

Ikabaki kumpanga Mama Awino. Chumba cha usukani kipo mbele, kina vioo, na aliyekaa benchi la mbele anamwona aliye ndani mgongoni kabisa. Mama mwenyewe aliona haifai. Akasimama, akajifunika leso hadi kwenye paji la uso, akaniuliza kama lile benchi la nyuma liko wazi. Nikamwambia hilo ndilo jambo la busara. Nikamhamishia huko na mchele wake, akitazama Mbita, mgongo kwa mkwe, na nikamwomba Mama Ajwang' akae naye. Nilijisifu kimyakimya. Mila imetimia, tumbo limetimia, na mtamba alikuwa amesimama mbele kabisa, amegeukia upepo, akicheua. Ng'ombe, niliwaza, ndiye abiria bora. Hurudisha chakula kinywani kwa hiari yake, anakitafuna tena, na hakuna anayemcheka.

Tukafungua kamba. Ochola aliketi kwenye stuli kando ya nahodha, mikono kapakata, akakaza macho kwenye kioo. Wimbi la kwanza lilipotugonga alikunja uso. La pili, akasema:

"Nahodha, kuna shimo hapo mbele, mkono ya kulia."

"Hiyo ni wimbi."

"Ni shimo. Punguza."

"Mimi nimepita hapa tangu hujazaliwa."

"Hata mimi nimepita Awendo. Shimo ni shimo. Hiyo ingine, kushoto, kubwa."

Nilisimama mlangoni na kopo nyuma ya mgongo. Tulitoka kwenye kivuli cha Rusinga, mahali nilipomharibia nahodha kiatu, na Ochola hakubadilika rangi. Alikuwa akihesabu mashimo kwa sauti, akiegemea kona kabla ya kona, mguu wake wa kulia ukikanyaga sakafu pale ambapo breki ingekuwa. Karibu na Takawiri nilisikia nahodha akijibu, "Nimeiona hiyo." Baadaye kidogo, nahodha ndiye aliyeuliza, "Na ile?"

Wachache walishuka Takawiri, tukaendelea. Baada ya hapo mawimbi huja ubavuni. Mzee Okelo aliyekuwa katikati alinitazama, nami nikampa ishara kwamba mambo ni mazuri. Akafumba macho, nadhani kwa shukrani. Ndipo nilipomwona Mama Ajwang' akiniita kwa nyusi.

"Jakopo. Kopo."

"La nani?"

"Usiulize ya nani. Leta."

Nilikwenda nyuma. Mama Awino alikuwa ameshika benchi kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu ya jana.

"Mimi nimezaliwa kwa hii maji," akaniambia, kama mtu anayetoa ushahidi. "Mimi sijawahi."

"Najua, mama."

"Ni huu mchele. Iko na harufu."

Haikuwa mchele. Lilikuwa ni benchi. Miaka yake yote alikuwa amevuka akitazama mbele, akauona mlima wake na kila wimbi kabla halijafika, bila kujua kwamba hiyo ndiyo dawa yake. Mimi, mtaalamu wa makopo, nilikuwa nimemgeuza atazame mahali ambapo mawimbi yanamjia kwa kisogo. Nikamwomba ageuke.

"Nigeuke niangalie mgongo ya mkwe wangu?"

"Mgongo si uso, mama."

"Na akigeuka?"

Abiria asiyeruhusiwa kutapika sasa alikuwa yeye. Mkwe akimwona maro wake katika hali ile, mambo ni yaleyale: wazee, mbuzi, na mjomba wa Sena mwenye sababu yake mkononi. Nilimwekea kopo mapajani. Mama Ajwang' akatandaza leso yake kubwa kama pazia. Nikajipa moyo kwamba kuona hawataona, na sauti itafunikwa na injini.

Wakati huohuo, kule mbele, nilimsikia Ochola: "Nahodha, hiyo si shimo, hiyo ni mtaro. Punguza kabisa. Punguza."

Na Nahodha Ogutu, aliyekuwa amepita hapo tangu Ochola hajazaliwa, akamtii. Injini ikanyamaza hadi ikawa mnong'ono. Katika kimya kile, juu ya mtaro ule, Mama Awino alishindwa kujizuia zaidi. Mchanga humeza sauti ya kinachoanguka. Haumezi sauti ya anayekiangusha.

Feri nzima ilisikia. Wazee wa Awendo wakatazama dari. Mzee Okelo akaweka kofia usoni. Mimi nilitazama chumba cha usukani, nikaona shingo ya Ochola ikianza kugeuka, kama shingo ya mtu yeyote ingegeuka. Iligeuka hadi nikaona sikio lake lote. Hapo ikasimama.

Alijua ni nani. Nyuma kulikuwa na watu watatu tu, na mimi na Mama Ajwang' tulijulikana kwa afya. Akarudisha uso wake kwenye kioo, polepole. Kisha akafungua kinywa, nami nikanyanyua kopo la pili, nikiamini kwamba mwaliko umemfikia.

Kilichotoka ni wimbo wa kanisani, ule ambao kila mtu wa ukanda wetu anaujua, Mwadventista kwa Mkatoliki. Ochola hakuwa na sauti ya kuimba. Aliimba kama lori lililojaa linavyopanda mlima kwa gia ya chini, pasipo kujali wenzake wako wapi. Lakini sauti ile ilikuwa kubwa. Nahodha akaingia na besi. Mzee Okelo akaondoa kofia usoni akaingia, wazee wake wakaingia, na kabla ya kiitikio feri yote ilikuwa ikiimba, wengine wakipiga makofi, mtamba akiinua kichwa kushangaa. Mama Awino aliutumia ubeti wa pili na wa tatu vizuri. Katika wa nne alijifuta midomo, akanirudishia kopo limefunikwa kwa kitambaa, akaanza kuitikia.

Tulifika Sena tukiimba bado. Gatini alisimama mjomba, mtu wa mikono mirefu na gambuti, na nyuma yake wenyeji. Ochola aliposhuka, mjomba alimkagua kifua cha shati kama mkaguzi wa nyama anavyokagua mzoga. Shati lilikuwa jeupe. Akakagua kola. Kola ilikuwa kavu. Akakosa pa kuanzia.

"Tumewasikia kutoka mbali," akasema. "Kwani mlikuwa mnaimba nini?"

Mzee Okelo ni mzee wa kanisa na sitamwita mwongo. Nitasema tu kwamba alijibu haraka.

"Sisi watu wa Awendo ni mila yetu. Tukienda kwa wakwe kwa njia ya maji, lazima tuimbe."

Mjomba alifikiri. Mila ni mila. Akamshika mtamba kamba.

Upepo ulituzuia kurudi hadi alasiri, na kwa Mama Awino haiwezekani kupita nje ya lango bila kuvutwa ndani. Nikajikuta nimeketi nyuma ya wazee na sahani ya mchele, ambao kwa kweli ulikuwa umechaguliwa vizuri. Mazungumzo yalipofunguliwa, mjomba hakuwa amekata tamaa. Alimwuliza msemaji wa wageni kama ziwa liliwasumbua, na kama kuna yeyote aliyeugua njiani. Mzee Okelo akashika kofia yake. Kisha sauti ya Mama Awino ikatoka upande wa pili wa ukuta, jikoni, ikimwelekea mtu yeyote atakayeipeleka.

"Mwambieni ziwa lilikuwa kimya. Mimi sikusikia kitu."

Mzee Okelo akamgeukia Ochola, kama utaratibu unavyotaka. Ochola alikuwa akitazama sahani yake.

"Waambie mimi sijui," akasema. "Nilikuwa naangalia barabara."

Awino alikwenda Awendo mwezi huohuo.

Siku iliyofuata niliazima spana kwa fundi wa injini, nikafungua bolti za benchi la nyuma, nikaligeuza litazame mbele. Mtalikuta hivyo, na alama za bolti za zamani bado zipo sakafuni. Mkitaka kuwatenganisha watu ambao hawatakiwi kutazamana, wakalisheni kwenye mstari mmoja, mbalimbali, wote wakiutazama mlima. Msimgeuze mtu kisogo mbele kwa ajili ya mila. Na msiamini kwamba kuna aliyezaliwa ziwani kiasi hicho.

Safari yangu ya mwisho kazini Mama Awino alikuwemo, amezeeka, kwenye benchi lake la mbele, anarudi kutoka kliniki ya macho. Mama Ajwang' siku hizi anauzia omena Mbita na havuki tena. Walipanda pia vijana wa Awendo wamevaa suti, wanapeleka mahari upande wa Mfangano, watu ambao sikuwajua. Tulipoacha kivuli cha Rusinga, mmoja wao akaanzisha wimbo na wenzake wakaitikia. Nikamwuliza kwa nini wanaimba.

"Ni mila yetu, mzee," akanijibu, kwa upole wa mtu anayemwelimisha mgeni. "Ya tangu babu. Ukienda kwa wakwe kwa maji, lazima uimbe."

Nilitaka kumwambia mila hiyo ilizaliwa lini na wapi. Nilimtazama Mama Awino. Yeye alikuwa akiutazama mlima.

"Waache waimbe, Jakopo," akasema. "Inasaidia."